Kiatu Kimoja cha Ambakisye

Nilishtuka mpaka kikombe kikanitoka mkononi. Mume wangu Ambakisye, ambaye tulimzika hapa kijijini Mpemba kabla barabara haijajaa malori, alikuwa amekaa kwenye karatasi ya mjukuu wangu Witness.

"Mmempata wapi huyu?"

"Bibi, huyo ni Mholanzi," Witness akasema. Anasomea uchoraji chuoni, alikuja likizo na kazi ya mwalimu. "Alichorwa kwa wino miaka ya elfu moja mia saba na kitu. Jina halijulikani, mtu wa kawaida tu. Tumeambiwa tueleze picha inasema nini."

Mtu wa kawaida! Kakaa kwenye kigoda, mgongo umeinama, kofia imefunika uso, mguu mmoja hauna kiatu, umenyooshwa mbele. Nani mwingine alikaa hivyo? Ambakisye alikuja kijana kutoka Isongole, akanioa kwetu kwa Wanamwanga kwa ubishi, akaanika mahindi kando ya barabara mpaka anakufa. Hata akipumzika, kiatu cha kulia anavua, vidole vinageuza mahindi kwenye turubai huku mwenyewe anasinzia. Siku ya harusi ya mwanetu Ezron nilimkuta mume wangu ukumbini kavua kiatu, anasugua sakafu kwa vidole. Nikamfinya.

"Mama Ezron," akasema, "mguu ndio hauna adabu, mimi ninayo."

Nikamwambia Witness, "Anageuza mahindi. Andika hivyo."

"Bibi, hiyo mistari chini ya mguu ni kivuli."

"Kivuli gani kina punje? Andika!"

Ezron, aliyesimama mlangoni akitusikiliza, akacheka mpaka akaushika mlango. "Mama, Wazungu wa zamani nao walianika Mpemba?"

Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi. Kaburi la baba yake tulikuwa tunalijengea kwa marumaru, na siku hizi kaburi lisilo na picha watu wanaliona kama la mtu aliyeokotwa njiani. Ambakisye hakukubali kupigwa picha hata moja, hata harusini. Siku hiyo Ezron kamleta mchora mabango wa Tunduma, Lusubilo, eti achore uso wa Ezron mwenyewe, auzeeshe kidogo, tuseme ndiye baba. Nilikataa kabisa. Nilisema uso wa mume wangu nitauelekeza mimi.

Basi Lusubilo akaweka ubao magotini. "Haya mama, tuanze. Pua ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Pua haikuja.

"Macho je?"

Nikaona kofia. Nikaona mgongo, na vidole vyeupe kwa vumbi la mahindi. Uso, hakuna. Mungu wangu! Mimi ninayekumbuka hata nani alivaa nini kwenye msiba wake, uso wa mume wangu nimeuangusha wapi? Nikahisi nimemzika mara ya pili, safari hii peke yangu.

Ezron akaacha kucheka. "Mama, basi achore wangu."

"Koma. Huo ni wako, utazikwa nao."

Nikamuuliza Witness, aliyemchora huyu Mholanzi alikuwa nani wake?

"Hajulikani, bibi."

"Lakini alikaa akamtazama. Hata kiatu kakiona."

Nikampa Lusubilo ile karatasi. "Chora hivi hivi. Kofia usiiguse."

"Watu watauliza uso uko wapi," Ezron akanong'ona.

"Waliomjua watautazama mguu."

Lusubilo akachora. Alipofika chini ya mguu akaniangalia. "Hapa niweke kivuli, mama?"

"Weka mahindi."