Kuba la Hinrik

Taleke, mke wa mwashi mkuu Hinrik, alizaa mara tano akabaki na mmoja tu, Klawes. Mji wao mdogo wa pwani, karibu na bandari ya Wismar, haukuwa na mawe ya kujengea. Kila ukuta wa maana ulitoka kwenye matanuri ya matofali. Klawes alikua humo, na mkono wake ukaja kuwa mwepesi kuliko wa baba yake. Hinrik alijisifia hilo akiwa na wenzake kwenye bia, ila mbele ya kijana alikunja uso.

Mwaka mmoja Hinrik na mafundi wake walifunga kuba la kanisa jipya majani yakianza kupukutika, na mvua haikupumzika. Kuba lilikuwa bado limelalia mbao zilizolishikilia kwa chini, likisubiri chokaa ya kuunganisha matofali ikauke. Lakini askofu alikuwa anakuja wiki chache baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Martin, na wazee wa baraza hawakutaka aone gogo hata moja ndani. Hinrik akawaahidi hataliona.

Asubuhi ya kuondoa mbao, Klawes alikuwa mezani.

"Samaki wa chumvi tena, mama? Mwisho nitaota magamba."

"Ota tu, bora umeshiba."

Akacheka, kisha akashusha sauti. "Chokaa bado mbichi. Ukucha unazama. Mwambie baba, wewe anakusikia."

Hinrik alikuwa mlangoni. "Unanifundisha kuba, wewe? Nilikuwa nafunga makuba wewe ukinyonya!"

"Tungoje baridi ipite, baba."

"Kama unaogopa, kaa na mama yako umenye vitunguu."

Klawes akamgeukia mama yake. Taleke alikuwa amechoka na ugomvi wao. "Nenda, mwanangu," akasema. "Baba yako anajua."

Akaenda.

Taleke alikuwa sokoni aliposikia mshindo, na watu wote wakageukia upande wa kanisa. Alipofika, vumbi jekundu lilikuwa linatoka madirishani. Klawes ndiye aliyekuwa chini ya kuba lilipoanguka, akigonga kabari zilizokaza mbao. Hinrik alikuwa amepiga magoti akifukua matofali kwa mikono mitupu, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Baraza lililaumu mvua. Baada ya mazishi wakamtaka Hinrik ajenge upya.

"Utajenga?" Taleke akamuuliza.

"Nisipojenga mimi, atakuja mwingine apige soga pale alipolala mtoto."

"Basi mara hii usimsikilize mtu."

Hakumsikiliza mtu. Kuba jipya aliliacha juu ya mbao zake baridi nzima, na kiangazi kilipoingia akaliacha tena. Meya akamwita mzee mwoga mbele za watu. Hinrik akavua kofia. "Ndiyo, bwana. Mwoga."

Siku ilipofika aliwatoa mafundi wote nje, akaingia peke yake na nyundo. Taleke alisimama mlangoni, akiomba kimoyomoyo. Kabari zikatoka moja baada ya nyingine. Mbao zikalegea. Juu hapakuanguka hata punje ya vumbi.

Mafundi wakashangilia. Hinrik akakaa chini sakafuni, na Taleke akamwendea.

"Limesimama," Hinrik akasema. "Umeona? Laiti ningengoja tu, mama Klawes. Ningengoja tu."

Taleke alikuwa ameomba lisimame, na sasa liliposimama hakuwa na kisingizio cha kushika. Lingeanguka tena, angesema ni mkosi, ni Mungu, ni mahali penyewe.

"Mimi ndiye niliyemwambia nenda," akasema.

"Usiseme hivyo."

"Alinitazama mimi, Hinrik. Alikuwa ananingoja mimi."

Hinrik akafunika uso kwa mikono yake yenye chokaa. Wakakaa hivyo mpaka wanawake wa kufagia walipowaomba, kwa upole, wasogee.

Askofu alikuja, akalisifia kuba. Hinrik hakushika tena mwiko wa ujenzi. Aliishi miaka mingi na Taleke, wakila pamoja, wakiuguzana, wasigombane hata kidogo; ila jina la mtoto wao kila mmoja alilitaja akiwa peke yake.