Mbegu Aliyoidai Wifi Yangu

Wifi yangu Sumaia ni mwanamke mgumu. Nasema hivi akiwa hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na akisikia atakuja juu. Aje. Aliolewa na marehemu kaka yangu Cassamo tangu mimi sijavunja ungo, kwa hiyo kumsema ni haki yangu, na kunisema ni haki yake.

Shamba lake liko chini kabisa ya bonde letu, hapa Palma, pale mpunga unapokaribiana na mikoko. Ardhi ile wengi tuliikimbia. Bamvua likija kubwa, maji ya chumvi hupanda yakaingia majarubani, na mpunga wa kawaida hauoni wiki. Wa Sumaia ulikuwa unasimama, kwa sababu alikuwa na mbegu yake, tunaiita Siringi. Mpunga mrefu, mwekundu, hauzai sana, upepo ukivuma unalala, na kuutwanga ni kazi ya kumtukanisha mtu. Lakini chumvi unaivumilia. Aliupata kwa mama mkwe wake, yaani mama yangu mimi, siku ya harusi yake.

Ndivyo ilivyo kwetu. Bibi harusi akiingia kwa mumewe, mama mkwe humfungia mbegu kwenye pindo la kanga, na mbegu hiyo inakuwa yake. Akiachika anaondoka nayo. Watu watagombania sufuria, watagombania kitanda, lakini mbegu ya pindo haidaiwi. Mimi sijawahi kusikia, na mama yangu hakuwahi kusikia.

Sumaia aliidai.

Mwanawe Abdurrazaque alikuwa amemwoa Wahida, binti wa Nhica, kule karibu na mto Ruvuma. Msichana wa kazi, maneno machache. Miaka ikapita, mtoto hakupatikana. Abdurrazaque akaenda Pemba, mji wa huku kwetu, si kile kisiwa, kutafuta kazi, akapata mwanamke badala ya kazi, na talaka akaituma kwa simu. Kwa simu! Wallahi angekuwa karibu ningemzaba kibao mbele ya watu. Siku Wahida anafunga vitu vyake, tumekuja wanawake kumuaga, Sumaia akasimama mlangoni akasema kwa sauti: "Mbegu yangu iache. Hukuzaa kwangu, nayo haitazaa kwako."

Astaghfirullah. Wanawake walishika midomo. Wahida alirudi jikoni, akatungua masuke yote yaliyoning'inia juu ya uchaga wa moshi, akayaweka miguuni pa Sumaia, akachukua mzigo wake, akaenda. Nikamwambia wifi yangu, "Una wazimu?" Akanijibu niangalie ndoa yangu.

Halafu vita vikaingia Palma. Tulikimbia na watoto na nguo tulizovaa. Tuliporudi, nyumba ya Sumaia ilikuwa majivu, na jiko limeungua na mbegu yote juu yake. Bonde zima hakukuwa na mwingine mwenye Siringi. Nani ahangaike na mpunga mgumu kutwanga na shamba lake liko juu, halifikiwi na chumvi? Mbegu yote tulimwachia mtu mmoja aitunze.

Projekto ya misaada ikatuletea mbegu. Mifuko mizuri, mpunga mfupi, mweupe, unaokomaa upesi. Sisemi uongo, kwangu ulizaa, nikavuna nacheka. Kwa Sumaia lilikuja bamvua la masika, maji yakavunja tuta, na ndani ya siku chache jaruba zima limekuwa njano. Nilimkuta amekaa juu ya tuta, miguu ndani ya maji. Hakulalamika. Hapo ndipo nilipoogopa, maana yeye hulalamika hata chai ikiwa moto.

Tukaenda kwa Nélio, tekniko wa kilimo, yaani bwana shamba, kijana mwenye subira aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kununua samaki.

"Mwanangu, nitafutie mbegu ya chumvi," Sumaia akamwambia. "Siringi."

"Mama, projekto inagawa mbegu yenye etiqueta tu." Akatuonyesha ile karatasi ya serikali iliyoshonwa mdomoni mwa mfuko. "Mpunga wenu haukupimwa wala kuandikishwa. Kwa kanuni zetu huo si mbegu, ni nafaka."

Nikapandwa na hasira. "Nafaka? Mpunga uliolisha babu zetu, leo ni nafaka?"

"Bi Awa, usinikasirikie. Mwaka juzi kuna tapeli aliwauzia watu mahindi yaliyobunguliwa, akasema ni mbegu. Hayakuota hata moja. Karatasi hii ipo ili msiibiwe tena. Ubaya wake ni huo, mpunga kama wenu haujaiona njia ya kuipata."

Mahindi yale hata mimi niliyapanda. Nélio akamgeukia Sumaia. "Hakuna mtu uliyewahi kumpa? Jirani kumpa jirani, hilo hakuna anayelikataza."

Sumaia akatazama pembeni. Nilijua anamfikiria nani. Zamani, kabla ya talaka, mama yake Wahida alikuja kumtembelea binti yake, akaupenda wali wa Siringi, na Wahida akampa masuke machache akapande Nhica. Mama huyo sasa ni marehemu. Kama mbegu ile ingalipo, iko mikononi mwa Wahida.

Siku nyingi wifi yangu alizunguka na jambo hilo. Mwisho akaja kwangu. "Awa, nikienda atanifukuza?"

"Atakufukuza. Ningekuwa mimi ningekumwagia maji ya dagaa."

"Basi twende wote, tumwagiwe wote."

Tukapanda pikipiki mbili hadi Nhica, tukisimamishwa na askari njiani. Wahida tulimkuta shambani, mpunga mwekundu umemfika kifuani, mtoto wake wa ndoa ya pili mgongoni. Sumaia alimwona mtoto kabla ya kuuona mpunga. Nilimtazama usoni, nikamhurumia, na sikutaka kumhurumia.

"Shikamoo mama," Wahida alisema. Adabu yake hakuiacha kwetu.

Sumaia aliitikia marahaba nusu nusu. Alipiga magoti pale pale kwenye matope, mwanamke yule ambaye hata kwa kaka yangu hakuwahi kuomba radhi. "Wahida mwanangu, nilikuudhi. Shamba limekufa, mbegu sina. Nisamehe, na unipe mbegu."

Wahida akachomoa kisu kidogo cha kukatia masuke, akampa. "Inuka mama, unalowa. Masuke chagua mwenyewe, unayajua. Marehemu mama hakumnyima mtu mbegu, na mimi sitamnyima. Lakini neno lile uliloniambia mlangoni bado nalisikia. Msamaha usinidai leo."

"Nimesikia, mwanangu," Sumaia akasema.

Akainuka, akaanza kukata suke moja moja, yale yaliyojaa, yasiyo na doa. Wahida alimshikia ungo. Mimi nilisimama kando nikalia, na nikawaambia ni jua.

Sasa shamba la chini limesimama tena. Sumaia ametulazimisha kila mmoja bondeni tupande Siringi pembe moja ya shamba, hata mimi niliye juu, na ukikataa anakuja kuipanda mwenyewe asubuhi wewe umelala. Nélio alichukua masuke machache akayapeleka kwa wakubwa zake wapimaji. Jibu halijarudi, lakini hupita kutuambia kwamba bado anauliza.

Na kila mavuno Sumaia hutwanga mchele wa kwanza, akaubeba hadi Nhica. Wahida huupokea, humtandikia mkeka, humpa uji. Mtoto anamwita bibi. Safari hii aliporudi nilimpokea njiani.

"Kasema kakusamehe?"

"Hajasema."

"Mbegu si unayo, wifi? Miguu yenyewe imevimba. Si uache tu kwenda?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili.

"Nikiacha," akasema, "atajua nilifuata mbegu tu."