Kioo Kinachokwaruzika

Saa ya baba haikuwa na namba. Usoni ilikuwa na vijiti vya rangi ya dhahabu iliyokwisha kuchujuka, mishale miwili myembamba, na kioo chenye mikwaruzo kiasi kwamba mgeni angedhani watoto walikuwa wakiichezea mchangani. Baba aliinunua Kisumu, katika duka la Mhindi mmoja, enzi za ujana wake alipokuwa akikata tiketi kwenye meli ya kuja kwetu Homa Bay. Ilikuwa saa ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Tena aliitegesha tunavyosema sisi, si inavyosema ofisi: watu wakisema ni saa moja asubuhi, mshale mfupi ulikuwa kwenye kijiti cha kwanza. Waliozoea saa za ofisi walipoitazama walidhani imechanganyikiwa. Baba aliwaambia waliochanganyikiwa ni wao.

Alipofariki, mama alivaa koti la marehemu kipindi chote cha matanga, kama desturi yetu ya Kijaluo ilivyomtaka mjane, na juu ya mkono wa koti akaifunga ile saa. Siku ya kugawa vitu, baba zangu wadogo walichukua koti, baiskeli na kiti cha kukunja. Ilipofika zamu ya saa, ambayo ilipaswa kwenda kwa kaka yangu mkubwa, mama aliurudisha mkono wake nyuma.

"Hii bado inafanya kazi," alisema, "na mimi bado nafanya kazi. Mtatugawa siku tutakaposimama."

Nusura nipige makofi matangani. Sikuwahi kuona mtu akiwajibu wazee wa ukoo kwa sauti ya chini namna ile. Kaka yangu, nisimnyime haki yake, ndiye aliyesema mama aachwe na saa yake.

Kazi yenyewe ilikuwa omena, dagaa wa ziwani. Mama alikuwa ufuoni mitumbwi ilipofika asubuhi, akanunua, akaanika juu ya nyavu kuukuu, akageuza, akakusanya, akajaza magunia, na siku za soko akayapandisha basi la kwenda Migori, mara nyingine hadi Kehancha, ambako Wakuria walimnunulia bila kubishana sana. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini sikumbuki omena yake kunyeshewa kwa kuchelewa kukusanywa, wala basi kumwacha. Wenzake ufuoni waliangalia jua, na jua likijificha mawinguni walimwangalia mama.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi mjini Migori. Siku moja, baada ya soko, mama alikuja kwangu, akakaa, akafungua leso. Ndani yake ilikuwa saa. Ilikuwa imemponyoka akiosha beseni, ikagonga jiwe na kutumbukia ziwani. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati, mishale imekwama.

"Kaka yako anataka niiuze," alisema. "Wewe utataka itengenezwe ing'ae. Mimi sijui. Niambie la kufanya."

Nilishtuka kusikia "sijui" kinywani mwake. Kaka yangu alikuwa na duka Isebania, mpakani na Tanzania, na huko alimpata mbadilishaji pesa mmoja, mpenzi wa saa za zamani, aliyekuwa ameiona saa ile mkononi mwa mama na kuitaka, hata ikiwa imekufa. Hesabu ya kaka ilikuwa rahisi: saa iende, ng'ombe wa gredi aje, mama akae nyumbani akamue. Alikuwa hata amemnunulia saa ya betri, ile ya kuandika namba.

"Nilimrudishia," mama alisema. "Haina mshale. Itanionyesha kwa kidole gani?"

Nilicheka, lakini nilielewa kilichokuwa kikiamuliwa. Kaka alikuwa amemwambia waziwazi kwamba saa imesimama na yeye asimame. Kama isingeamka, mama angekuwa mzee wa kulishwa, na kila mtu angesema ni kwa upendo. Mimi sikutaka kabisa. Kesho yake nikamshika mkono tukaenda kwa fundi.

Fundi wa saa alikaa kwenye baraza ya duka la nguo, nyuma ya kabati dogo la vioo, lenzi imebanwa jichoni. Aliifungua saa, akapuliza, akagusa hapa na pale, kisha akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

"Madam, hii kitu haitengenezwi tena siku hizi," aliniambia. "Maji haijakula mashini. Nitaosha, nitatia mafuta, itatembea. Lakini hii kioo wacha nitoe kabisa. Iko na mikwaruzo mbaya. Niko na ingine ngumu."

Akatoa kioo kipya kwenye karatasi, akakiweka juu ya kabati na kukipitishia ncha ya msumari. Hakikuacha hata alama. Nilifurahi kama ningekivaa mimi. Nikamwambia akiweke hicho hicho, na uso wa saa aupake rangi upya, vijiti ving'ae kama vilivyotoka dukani.

Mama alinyoosha mkono akaomba ule msumari. Alikikwaruza kile kioo kwa nguvu zake zote, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Kisha akakirudisha.

"Hiki hakifai."

Uvumilivu wangu haujawahi kuwa mrefu. Nikaanza kumwambia kwamba tumetoka nyumbani kwa ajili yake, kwamba kizuri kinaletwa mbele yake anakikataa, kwamba ndiyo maana kaka anasema amezeeka. Aliniacha nimalize. Halafu akakichukua kile kioo kilichopasuka, akakiinua kwenye mwanga na kuweka ukucha wake pembeni.

"Huu ni mstari wa mitumbwi kufika," alisema. Ukucha ukasogea. "Huu ni wa kugeuza omena. Huu, basi la Migori. Na huu wa mwisho ni wa baba yako kushuka melini. Alinichorea kwa wembe mwaka tuliooana, akawa ananiachia saa kila alipopanda meli. Alisema vijiti nitajifunza baadaye, kwanza nijue vitu vyangu."

Nilikitazama kile kioo nilichokiona maisha yangu yote. Kati ya mikwaruzo ya bure kulikuwa na mistari minne iliyonyooka, mifupi, yote ikielekea katikati. Mshale mfupi ulipofika chini ya mstari, mama aliinuka. Basi. Nilikuwa nimesomea ualimu, nimefundisha watoto wa watu kusoma saa kwa sahani za karatasi, na nyumbani kwetu mtu alikuwa amempa mke wake siku nzima kwa kipande cha wembe. Niliwaona wote wawili upya, nikawapenda vibaya sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, nyathina, mwanangu. Uliona uchafu."

Fundi, ambaye hakuelewa Kijaluo chetu chote lakini alielewa kidole cha mama, alifunika kioo chake kigumu, akapekua mkebe na kutoa cha plastiki, cha bei ya chini, laini kama kucha. Rangi mama aliikataa. Nilipompigia kaka simu ya dukani kwake kumweleza habari ya mistari, alinitaka nimtajie mmoja mmoja. Kisha akasema atamwambia yule mtu wa Isebania kwamba saa haiuzwi, na mama asiambiwe habari ya ng'ombe tena.

Ilipokuwa tayari, niliipeleka Homa Bay mwenyewe, shule zikiwa zimefungwa. Fundi, kwa hisani yake, alikuwa ameitegesha inavyosema ofisi. Mama aliitazama mara moja, akasonya, akazungusha mishale hadi ikasema kweli. Nilidhani atanipa nimchoree mistari kwa makadirio. Hakukubali. Kesho yake alfajiri alienda nayo ufuoni, na sindano ya kushonea magunia imechomekwa kwenye leso ya kichwani. Mtumbwi wa kwanza ulipogusa mchanga, alikaa chini, akaishika saa kati ya magoti na kuchora mstari juu ya mshale pale pale ulipokuwa. Jua lilipopanda akasimama kugeuza omena, na kabla ya kugusa nyavu akachora. Basi lilipopiga honi barabarani, akachora tena.

Nilimngoja achore wa nne. Jioni ilianza kuingia, naye akaichomeka sindano kwenye gunia.

"Na wa baba?"

"Huyo nilimngoja, na kila mara alikuja," alisema. "Mstari wake umemaliza kazi." Akanitazama. "Wewe ukitoka Migori hufika hapa saa ngapi?"

"Saa kumi, kama nitapata gari mapema. Kama mwalimu mkuu ataniruhusu."

"Siwezi kuchora 'kama'," mama alisema. "Siku utakayofika, nitachora."

Muhula ulipofunguliwa, Ijumaa ya kwanza niliomba ruhusa, nikatoka shuleni na chaki bado vidoleni. Nilimkuta amekaa nje akishona gunia. Nilianza kumsalimu, akainua kiganja kuninyamazisha, akavua saa, akaiinamia, akaanza kukwaruza.