Leseni ya Kuvuta Tela

Kuna watu wanaoniambia nimsamehe yule tajiri kwa sababu amekufa. Amekufa, ndiyo. Kufa kwake hakukumrudishia dada yangu muguu. Kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa, na asiyependa aache kusoma.

Miaka ile ya hamsini, hapa Nchelenge, kando ya ziwa, samaki wa kwenda migodini walipanda malori. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kilikuwa cha samaki, cha mizani na cha madereva, na mambo haya karibu yote yalisemwa kwa Kiswahili. Tajiri alikuwa na duka karibu na ufuko na lori moja dogo, na bwana yangu, mume wangu, ndiye aliyeliendesha. Baadaye akanunua lori kubwa lenye tela nyuma, la kwanza upande wetu wa ziwa. Siku lilipofika alilipangusa kwa mafuta ya mawese ling'ae, vumbi lote la barabara likaligandia.

Sasa mutu asiyejua atadhani leseni ni leseni. Hapana. Shule niliiacha mapema, lakini hili bwana yangu alinieleza mpaka likaingia kichwani. Iko leseni ya gari dogo. Iko ya lori jepesi. Iko ya lori zito, na juu yake iko ya lori zito linalovuta tela. Ukitaka kubeba abiria, hiyo nayo ina ruhusa yake kando. Mwenye ya juu anaweza kushuka akaendesha za chini, lakini mwenye ya chini hapandi. Na tela ndiyo yenye kazi. Kwenda mbele kila mutu anaweza. Shida ni kurudi nyuma, maana ukizungusha usukani kushoto, tela inakwenda kulia. Bwana yangu alijaribiwa hilo huko boma Kawambwa, kwenye ofisi za serikali, mbele ya muzungu, akapewa. Kutoka Kabuta hadi Puta, leseni hiyo alikuwa nayo yeye peke yake.

Tajiri alikuwa na mwipwa, yaani mutoto wa dada yake. Kwetu mali ya mutu humwendea mutoto wa dada yake, si wa kumzaa, kwa hiyo yule kijana alijiona tayari ndiye mwenye lori. Leseni yake ilikuwa ya lori jepesi. Lakini huku ufukoni, mahali polisi hawapiti, alikuwa akimwita bwana yangu baba kwa Kibemba na kumwambia, "Tata, sogea huko, niachie lori yetu." Bwana yangu anapanda juu ya magunia kama abiria. Wakikaribia boma wanabadilishana. Kila mutu alijua. Hata mbuzi wa Kabuta walijua.

Siku ya ajali tulikuwa Kabuta asubuhi, tukipakia. Dada yangu mukubwa, yaya kwa Kibemba, ndiye aliyenilea mama alipofariki, alikuwa ameinama kwenye mukeka akikusanya chisense, wale samaki wadogo wa kuanikwa. Bwana yangu alikuwa kando anakula. Yule kijana akarudisha lori nyuma ili tela ikaribie mikeka. Hakumuita mutu wa kumwangalizia. Akazungusha usukani alivyozoea kwenye lori dogo, tela ikaenda upande mwingine ikampata dada yangu. Hospitali walimkata muguu wa kulia juu ya goti.

Tajiri alifika kwa baiskeli kabla ya polisi. Akamvuta bwana yangu nyuma ya vibanda vya soko. Niliwafuata, kitenge changu kimejaa damu ya dada yangu, na nikasikia yote.

"Sema ni weye ulikuwaka kwenye usukani," alimwambia. "Leseni yako ni ya tela. Bataandika ajali, inaisha. Bakijua ni huyu mutoto, leseni yake ni ya lori nyepesi, atafungwa, na miye batachukua lori. Tutakula nini siye wote?"

"Na muguu wa mulamu wangu?" bwana yangu aliuliza, akimaanisha dada yangu, shemeji yake.

"Nitamutunza kama mama yangu. Na weye, kabla mvua ianze utakuwa umerudi kwenye usukani."

Bwana yangu alikuwa mutu wa kutii. Akaenda kwa polisi akasema ni yeye. Wakamnyang'anya leseni yote, wakamwacha na baiskeli.

Mvua ilipokaribia alikwenda dukani kumkumbusha tajiri. Tajiri alikuwa mulangoni, watu wananunua chumvi. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Lori yangu siwezi kumupa mutu wa kuponda batu." Wanunuzi wakaangalia chini. Walihitaji lori kwa samaki wao, na mwenye samaki wa kuoza hana mudomo.

Dada yangu aliletewa gunia moja la unga wa muhogo, lenye wadudu. Baada ya hapo, hakuna. Bwana yangu akaanza kushona nyavu za watu, na alizishona vibaya kwa sababu hakuzaliwa ziwani. Watoto walimwimbia njiani, "Mponda mulamu." Usiku hakusema neno. Mimi nilisema ya kutosha kwa wawili.

Nilikwenda kwa kapaso, yule askari wa boma aliyeandika ajali. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, bwana yako mwenyewe alisema ni yeye. Sasa unataka niandike nini?"

Nikarudi nyumbani na nikangoja.

Kisha ikasikika kwamba muzungu wa kujaribu madereva atakuja Nchelenge, na kwamba yule kijana atajaribiwa apewe leseni ya tela. Tajiri akampangia mapipa mawili nyuma ya duka ajifunze kurudisha tela katikati yake. Nilipita pale na beseni langu la samaki, nikakaa kivulini nikamwangalia. Peke yake aliweza. Lakini kila mwanamuke alipopita nyuma ya tela na mukeka, breki. Anafuta mikono kwenye suruali. Anaanza upya.

Nikamwambia dada yangu nilichokiona. Alikuwa uani akijaribu gongo zake mpya za kutembelea.

"Nitakaa miye nyuma ya tela," alisema.

"Yaya, akikuponda tena?"

"Tutakaa inje ya mustari wa chokaa wa majaribio. Na akiniponda, basi muzungu ataona kwa macho yake."

Siku ya majaribio tulikwenda wauza samaki wote kwenye uwanja wa soko, tukaketi chini nyuma ya mapipa waliyopanga, nje ya chokaa waliyochora. Dada yangu katikati, kisiki cha muguu kimenyooshwa mbele. Muzungu akamuuliza kapaso sisi ni nani. Kapaso akatuambia tusogee.

"Tuko inje ya mustari," nilimjibu. "Soko letu liko hapa. Tunangoja lori."

Muzungu akapima kwa macho, akainua mabega, akampigia kijana mukono aanze. Kijana alikwenda mbele vizuri. Akasimama. Akatazama kioo cha pembeni. Akarudisha kidogo, breki. Akarudisha tena, breki, na tela ikapinda. Akatoa kichwa dirishani.

"Mutoe ule mama," alimwambia kapaso.

"Yuko inje ya mustari. Rudisha."

"Mutoe, nakuambia. Ile siku sikumuonaka. Miye siwezi kumuponda mara ya pili."

Tajiri alikuwa amesimama karibu na pipa. Niliuona uso wake ukikauka kama samaki wa jana. Muzungu akamuuliza kapaso jambo, nadhani alimuuliza kijana amesema nini. Kapaso akamwangalia tajiri, kisha akaangalia viatu vyake.

"Mufasirie," nilisema. "Yote. Kama alivyosema."

Wanawake wenzangu nao wakaanza, mmoja baada ya mwingine, bila kelele: mufasirie, mufasirie. Akafasiri.

Kijana alifungwa. Bwana yangu alikaripiwa sana boma kwa uongo wake, ilivyostahili, kisha akajaribiwa upya na akapewa tena leseni yake ya tela.

Tajiri alikuja kwetu na mbuzi. "Mama, mumenishinda," alisema. "Lori iko inje, samaki banaoza. Mutu mwingine wa tela hakuna huku. Mwambie bwana yako."

Bwana yangu akainuka kupokea kamba ya mbuzi.

"Kaa," nilimwambia. Akakaa. "Wa kuulizwa ni dada yangu."

Dada yangu alimwangalia mbuzi. "Ana miguu yake yote minne," alisema. "Rudi naye hivyo hivyo."

Bwana yangu alikwenda kuendesha kwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo, upande wa Kongo. Lori kubwa la tajiri likabaki kando ya duka, magurudumu yakalala, kuku wakataga chini ya tela. Kila siku ya soko mimi na dada yangu tulipita hapo, ingawa njia hiyo ni ndefu na ina mchanga wa kuchosha gongo.

Siku moja tajiri alitoka mulangoni. "Mama, njia ya soko ni ile ya chini."

"Tunaijua," dada yangu alimjibu.

Tukasimama mbele ya lori, yeye na gongo zake, mimi na beseni kichwani, mpaka alipoingia ndani akafunga mulango.