Tumbaku kwa Kuku wa Mbaha

Nilipoolewa Ruanda, kijiji cha Wamatengo, mama yangu alinipa kuku saba, mitetea sita na jogoo mmoja. Tuliwapandisha milimani kutoka kwetu Mbaha, kando ya ziwa, ndani ya tenga, mwendo wa siku mbili. Nilifika nimechoka lakini najivuna, maana sikuingia ukweni mikono mitupu. Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza. Ndoa haijatimiza miezi mitatu, mume wangu akaandikishwa manamba, akaenda kwenye mashamba ya mkonge. Nikabaki na mama mkwe. Yeye alisema Kimatengo, mimi Kinyasa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na hakikuwa kingi kwa yeyote kati yetu.

Mvua zilipokolea, kuku wangu walianza kukonda. Walikula vizuri, lakini mifupa ya vifua ilichongoka, vilemba vikapauka, mayai yakakoma. Asubuhi moja nilikuwa nawamwagia pumba, mama mkwe akaja akanichukulia kikapu mkononi.

"Kuanzia leo nitawalisha mimi," alisema.

Nilijua anafikiri nini: kwamba chakula cha kuku nilikuwa nawapa watu wa ziwani waliopita wakiuza dagaa wa usipa, ndugu zangu. Nilikwenda kupalilia kahawa huku machozi yananitoka, na sikumwambia mtu.

Aliwalisha mwezi mzima. Aliwapa pumba, chenga za mahindi, hata maharage yaliyobaki chunguni. Wakazidi kukonda. Siku moja nilimwona amemshika tetea mwekundu, anampapasa kifua, kisha akamweka chini polepole. Naungama kwamba nilifurahi.

Katekista alipokuja kututembelea, mama mkwe alimchinja tetea yule. Mimi nilikuwa uani natwanga, nikasikia ananiita jikoni.

"Mwanangu, njoo utazame."

Alikuwa ameupasua utumbo juu ya jani la mgomba. Ndani mlijaa minyoo myeupe, imesongamana kama mizizi ya nyasi iliyooshwa. Tuliinama pamoja tukaitazama.

"Chakula chote kiliishia hapa," alisema.

Katekista alikula ugali kwa maharage siku ile, wala hakuuliza.

Jioni tuliwafungia kuku bila chakula. Kulipokucha mama mkwe alitoa tumbaku aliyoitunza kwa ajili ya ugoro wake, akaitwanga hadi ikawa unga, akaichanganya na pumba na maji, tukafinyanga vidonge vidogo kama punje za mahindi. Halafu akanipa mimi kikapu.

"Kila kuku kimoja," alionya. "Tumbaku ikizidi inaua."

Nilimshika kila kuku, nikamfungua mdomo, nikamsukumia kidonge chake. Wa mwisho alikuwa tetea mweupe, aliyekuwa hoi kuliko wote, na ndiye mama yangu alimpenda zaidi. Nilimwonea huruma. Nikampa viwili.

Kabla ya adhuhuri alianza kuyumba, shingo ikapinda, akaanguka kando ya kinu akafa. Wengine walitoa minyoo. Tulikizoa kinyesi chote tukakichoma moto, tukahamishia banda mahali pakavu upande wa juu, na tangu hapo tulilifagia kila asubuhi. Baada ya majuma machache vilemba vilirudia wekundu wake, na tetea mmoja akataga nyuma ya mtungi.

Siku alipokufa yule mweupe, mama mkwe alinikuta nimekaa naye mapajani.

"Huyo tulimcheleweshea dawa," aliniambia. "Usijilaumu, mwanangu."

"Ndiyo, mama," nilijibu.

Nimeyafikiria maneno yangu hayo mawili kwa miaka mingi. Hakuwahi kuniomba radhi kwa kunidhania vibaya, na zamani nilimhesabia hilo kama kosa. Sasa naona lile jani la mgomba. Alikuwa peke yake jikoni, angeweza kuwatupia mbwa ule utumbo, akaendelea kunidhania na mimi nisijue lolote. Badala yake aliniita nikaone mwenyewe kwamba alikosea. Mimi nilipokosea nilikaa kimya nikamwacha anifariji, tena akajitwisha nusu ya lawama ambayo haikuwa yake. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukapatana sana, na nafasi za kumwambia zilikuwa tele. Kila mara niliona ni jambo dogo, la kuku tu. Alizikwa kule Ruanda bila kujua habari ya kidonge cha pili.