Picha ya Chumba cha Chang'ombe

Kwa miaka miwili nilipiga picha vyumba vya wanawake wanaoishi bila mume. Vilikuwa vyumba vya kupanga, vya Temeke na Kinondoni, na kwenye picha hamkuwa na mtu. Kitanda, ndoo, nguo kwenye msumari, jiko karibu na dirisha, basi. Mimi nilikulia Kimara kwenye nyumba ya walimu, ndugu saba na wageni wasiokwisha kutoka Moshi, na nadhani ndiyo maana chumba chenye mlango wake na ufunguo wake kilinivuta. Nikiingia, nilikuwa namwomba mwenyewe akae nje, narudisha mlango, nakaa kimya kidogo kabla ya kushika kamera.

Chumba cha tisa kilikuwa Chang'ombe. Mwenyewe alikuwa anafunga biskuti kiwandani, hatua chache kutoka hapo. Alitoka Masasi na binti yake mdogo na begi moja, akamwacha mumewe bila kuaga. Hakunieleza mengi. Kila nilipozungumza aligeuza kichwa upande mmoja, mwishowe akaniambia sikio la kushoto halisikii, limekufa akiwa kwenye ndoa. Sikuuliza zaidi. Sharti lake lilikuwa moja tu, sura yake isionekane. Nikaahidi upesi, maana sura sikuwa naihitaji.

Nilichokitaka kilikuwa juu ya televisheni. Kitambaa cheupe cha kufuma, pembeni maua mekundu, katikati maneno: KARIBU MENI. Aliyekifuma aliruka herufi. Niliona kosa lile nikalipenda, nikaliweka katikati ya picha ambapo jicho litafika kwanza.

Maonyesho yalifanyika Kinondoni, kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa kuta za ndani. Waandaaji waliichagua picha ya chumba cha tisa kwa ajili ya tangazo, na tangazo likazunguka kwenye simu za watu. Nilifurahi. Siku ya nne, kwenye saa tano asubuhi, aliingia mwanaume mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri. Hakutazama picha nyingine. Alisimama mbele ya ile ya Chang'ombe kwa muda mrefu hivi kwamba nikajiona msanii kwelikweli, nikamfuata nimshukuru.

"Samahani dada," akasema, "hiki chumba kiko wapi?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua.

"Kitambaa hiki amekifuma mama yangu. Macho yalikuwa yameshaanza kumsumbua. Tulimcheka sana kwa hiyo herufi."

Nikajua ni nani. Akanieleza kwa utulivu kwamba ndugu yake alimtumia lile tangazo kwenye simu, akapanda basi kutoka Masasi siku iliyofuata. Mama yake anaumwa, anamuulizia mjukuu. Nikamwambia chumba kiko Mbagala, ila mwenyewe alishahama. Hakubisha. Alifungua kijitabu cha maonyesho, akatafuta ukurasa kwa kidole.

"Hapa pameandikwa Chang'ombe, jirani na kiwanda cha biskuti."

Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Niliona yanaipa picha uzito. Yule mwanaume akakikunja kijitabu, akakitia mfukoni, akanishukuru, akatoka.

Nikapiga simu ya yule dada, haikupatikana. Nikakumbuka kwamba kiwandani simu huachwa getini mpaka saa ya kutoka. Nikachukua bodaboda. Magomeni tulikwama nyuma ya malori, Ilala tukakwama tena, na kila mwanaume mwenye shati la mikono mirefu niliyemwona barabarani nilidhani ndiye. Binti yake alikuwa darasa la kwanza. Saa sita wanaachiwa, anarudi nyumbani kwa miguu.

Mlinzi wa kiwanda alikuwa mzee. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye daftari lake, akasema mfanyakazi haitwi nje kabla ya saa kumi. Nikambembeleza, hakutikisika. Ndipo nikasema kuna msiba. Akafunga daftari, akaingia ndani mwenyewe.

Yule dada alitoka mbio, kofia ya nailoni bado kichwani.

"Nani?" akauliza. "Mama?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia, nikihamia upande wa sikio linalosikia. "Mume wako yupo hapa Dar. Amekiona kile kitambaa kwenye picha yangu."

Alivua kofia, akaikunja vizuri.

"Wewe ulipopiga, ulikiona?"

"Nilikiona."

"Ukakipenda."

Nikasema ndiyo. Tukakimbia.

Uani tulimkuta mumewe ameshafika. Alikuwa amekalia kigoda, kijitabu changu kikiwa wazi mapajani, na mbele yake amesimama mama mwenye nyumba, mjane wa Newala aliyeijua habari yote kuliko mimi. Mama huyo alikuwa amemwona akikionyesha kile kijitabu dukani na kuulizia. Mtoto aliporudi kutoka shule alimfungia chumbani kwake na kumtuma jirani amwite mjumbe wa mtaa. Mjumbe akaingia muda uleule tulioingia sisi, bado anajifuta mkono wa chakula.

Nilimnong'oneza yule dada kwamba anaweza kupita uchochoroni, nimpeleke Kimara kwetu, yeye na mtoto. Akakataa. Alisema ameshahama mara tatu tangu aje mjini, na kila mara anaanza kununua ndoo upya. Akavuta kiti, akakiweka mkabala na mumewe.

Mwanaume akaanza na salamu za nyumbani. Alikuwa anaongea chini chini, kwa upole uleule alionijia nao mimi. Yule dada akanyoosha mkono kumsimamisha.

"Hamia huku," akasema. "Upande huo sisikii, na unajua kwa nini."

Mjumbe alimtazama mwanaume, akangoja. Mama mwenye nyumba alikunja mikono kifuani. Yule mwanaume alinyanyuka na kigoda chake, akakihamisha kuliani, na alipokaa hakuweza tena kuinua uso. Nilisubiri akasirike. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi anataka tu kumsikia mtoto.

Walimpigia palepale, mbele ya mjumbe, sauti ikiwa wazi tusikie wote. Mtoto akatolewa, akamwamkia bibi yake, akamweleza anakaa dawati la mbele. Bibi alilia. Kisha mjumbe akamwambia mwanaume kwamba akiwa na neno atalileta kwake, siyo kwenye nyumba hii, akamsindikiza mpaka barabarani.

Yule dada akarudisha kiti mahali pake. Nilitaka kumshika, akasogea. Alisema picha niitoe. Niliitoa siku ileile, nikakusanya vijitabu vilivyobaki, lakini lile tangazo la kwenye simu za watu sikuwa na la kulifanya, na nilimwambia hivyo.

Bibi alifariki kabla ya masika. Walikwenda kuzika Masasi, yule dada, mtoto na mama mwenye nyumba, wakakaa matanga, wakarudi wote. Mwanaume hajatokea tena Chang'ombe. Hata hivyo kwa miezi mingi yule dada alikuwa akibadili njia ya kurudi kutoka kazini, na mradi wangu sikuumaliza.

Huwa naenda kumsalimia. Ananiwekea mkeka barazani, ndani hajawahi kunikaribisha tena. Mara ya mwisho aliniuliza siku hizi napiga picha za nini. Nikamwambia harusi na vipaimara.

"Afadhali huko," akasema. "Watu wanakuwa wamejiandaa."

Akanimiminia chai, tukaongea habari za shule ya mtoto.