Dirisha la Mama Mkwe

Miaka hii ya ruksa, tangu serikali ilegeze biashara, kila penye uwazi hapa mtaani Pasua panaota nyumba. Jirani yetu alikata uwanja wake wa nyuma, wenye migomba, akamuuzia kijana mmoja wa mitumba. Msingi wa kijana ukaja hadi chini ya dirisha la mama mkwe wangu.

Mama mkwe tulimshusha kutoka kwake mlimani ili awe karibu na hospitali. Alikubali kukaa kwa sababu ya dirisha lile. Asubuhi Kilimanjaro yote ilionekana, naye akisali aliitazama.

Nilimwendea kijana kwa upole, nikamwomba asogee kidogo tu. Akasema, "Mama, ukitaka mlima si upande gari uufuate Marangu?" Mafundi wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia nimsubiri mtu wa ramani. Huyo alikuja kuta zimeshafika kwenye linta, juu ya milango, akasema nimechelewa. Nimechelewaje, na nilianza kulalamika msingi ukichimbwa?

Kila jioni nilisali rozari, na ukuta ukaendelea kupanda.

Ulipoziba dirisha lote, kijana akaja Jumapili tumetoka misani, ameshika tawi la sale, ule mmea wa mipakani. Kwetu Wachagga, mtu akikuletea sale kuomba msamaha hukatai, na kesi inaishia hapo. Yeye mwenyewe mzaliwa wa huko juu, alijua. Mimi akanipita. Akapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo bibi. Nimewakosea."

Nikamwambia kama amekosa, abomoe. Akamnyooshea mama lile tawi. Mama mkwe akalipokea.

"Marahaba, baba. Yameisha."

Alipoondoka nikamuuliza mama mbona amemwachia kirahisi hivyo. Akasema, "Nimemsamehe, mwanangu. Ila hapa sikai tena. Nirudisheni kwangu."

Nikamkumbusha kliniki, nikamkumbusha miguu yake. Hakubadilika. Sasa kila siku ya kliniki napanda kumfuata, masika tunateleza naye kwenye tope hadi barabarani, kisha namrudisha.

Lile sale nililichomeka kwenye uchochoro kati ya kuta. Limeshika, halina shida na kivuli. Kijana ananisalimia vizuri kabisa, kwake yameisha. Mimi kwenye Baba Yetu, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, napapita haraka, lakini nasema.

Juzi kijana kaniuliza mbona siku hizi tunawasha taa mchana.